Waendesha Baiskeli wa Mzunguko wa Utukufu

Ipo nchi moja, nisiulizwe iko upande gani, inaitwa Jamhuri ya Mbelembele. Haimo kwenye ramani, kwa sababu wachora ramani walipofika mpakani walikuta barabara pana isiyo na kivuko, wakasubiri magari yapungue, wakazeekea pale. Ni nchi ya amani, na ninaisimulia kwa heshima zote, kama nilivyosimuliwa na watu wanaoipenda.

Mbelembele kila kitu kilikwenda kwa gari. Rais hakuitwa rais, aliitwa Dereva Mkuu wa Taifa. Mawaziri waliitwa Abiria Waheshimiwa. Mwananchi aliyefanya makubwa hakupewa nishani, alipewa mahali pa kuegesha, na kama hakuwa na gari alipewa hivyo hivyo, akawa anakwenda Jumapili na familia yake kupasimamia. Watu wa miguu walitajwa kwenye katiba mara moja tu, katika kifungu cha vizuizi vya barabarani, baina ya mbuzi na mawe. Waendesha baiskeli hawakutajwa kabisa, lakini wanasheria wa serikali walieleza kwamba wamo ndani ya neno "n.k."

Mhandisi Hemedi Lukindo alikuwa mkuu wa Idara ya Wasio na Magari. Idara yenyewe ilikuwa yeye, meza yake na dirisha. Iliundwa asubuhi moja wafadhili wa ng'ambo walipouliza kama ipo, na wafadhili walipopanda ndege hakuna aliyekumbuka kuifuta. Kila mwaka Hemedi alichora njia za baiskeli, vivuko na miti ya kivuli. Kila mwaka Wizara ya Mwendo ilimshukuru kwa picha nzuri, ikamjibu kwamba nafasi hakuna, fedha hakuna, na watu wenyewe hawapendi kutembea, kwani wangependa mbona wanakufa wakitembea?

Mtu mwingine angekwisha acha kazi. Hemedi alibaki kwa ajili ya dirisha. Lilitazama Mzunguko wa Utukufu, kiplefti kikubwa kuliko vyote katika ukanda ule, chenye sanamu ya usukani wa dhahabu katikati. Na pale chini, mchana kweupe, mkewe alikuwa akizunguka kwa baiskeli tangu alipokufa.

Mkewe aliitwa Asumini, mkunga wa zahanati ya ng'ambo ya pili ya mzunguko. Aligongwa adhuhuri na gari la serikali lililokuwa likiwahi mkutano wa usalama barabarani. Mkutano ulifunguliwa kwa dakika moja ya ukimya kwa ajili ya bampa. Asumini akazikwa kwa taratibu zote, watu wakalia, na hata matanga hayajaanuliwa Hemedi akaitwa kazini, akafungua pazia, akamwona. Koti lake la mvua la njano, kikapu kwenye keria, mgongo umenyooka. Alifika kwenye mdomo wa kila barabara, akapunguza mwendo, akanyoosha mkono kuonyesha kwamba anatoka. Kisha aliurudisha mkono na kuendelea kuzunguka.

Hakuwa peke yake. Kulikuwa na muuza mkaa na magunia yake, fundi saa, mabinti wawili wa shule waliopakizana, na mzee mmoja aliyefunga mlango wa mbao nyuma ya baiskeli. Wote walifia pale, na wote walishindwa kutoka, kwa sababu sheria ya Mbelembele inasema njia za kutokea mzungukoni ni za vyombo vya moto peke yake. Walipokuwa hai waliivunja sheria hiyo kila siku. Baada ya kufa wakawa raia wema kupindukia.

Hapa nieleze jambo ambalo wageni hulishangaa. Dereva wa Mbelembele hamsimamii mtu aliye hai ili avuke, lakini marehemu humsimamia. Ukimuuliza atakujibu bila kificho: aliye hai ukimgonga ni kesi, na kesi zinazungumzika; marehemu ukimgonga, hujui atakuja kukaa chumba gani nyumbani kwako. Kwa hiyo wafu walipopita, breki zililia. Hapo hapo wazima, waliokuwa wamejibanza ukingoni na watoto wao na vikapu vyao, walivuka mbio mgongoni mwa wafu. Mji mzima ulivuka namna hiyo. Watoto wa chekechea walifundishwa kwa wimbo: tazama kulia, tazama kushoto, subiri marehemu.

*

Aliyevuka nyuma ya Asumini kila siku, bila kukosa, alikuwa mama yake, Bi Mgeni, ambaye tangu msiba aliishi na mkwewe. Alikwenda sokoni, akarudi, akapika, akampakulia Hemedi chakula cha mchana, akauliza swali lake.

"Leo umemwona, baba?"

"Nimemwona, mama."

"Amechoka?"

"Marehemu hachoki, mama."

"Nani kakwambia? Umewauliza?" Bi Mgeni alimsogezea bakuli la mchuzi. "Mimi namwona karibu kuliko wewe wa dirishani. Leo nimepita nyuma yake hivi, nikashika hata keria. Baridi, Hemedi. Baridi ya kisima. Na shingo ameikaza kama mtu anayetafuta nyumba asiyoijua. Mwanangu hakuwa mtu wa kuzungukazunguka. Akiwa na pa kwenda, anakwenda. Mtoe pale. Si wewe ndiye mchora barabara?"

"Nachora, mama. Hawajengi."

"Unachora kwa nguvu zako zote?"

Hemedi akachovya tonge. Dirisha lile ndiyo ndoa iliyombakia. Asubuhi alimsalimia mkewe kupitia kioo, adhuhuri alimsimulia ya kazini, na jioni alisita kufunga pazia kana kwamba anamfungia mtu nje. Mkewe akitoka pale, atamwona wapi tena? Aliona aibu kwa wazo hilo, hasa mbele ya mama aliyemzaa, na hata hivyo hakuweza kulifukuza.

*

Mambo yaligeuka siku Dereva Mkuu alipokwenda kufungua maegesho mapya ya ghorofa. Msafara wake ulikuwa wa kawaida tu: pikipiki za kufungua njia, magari ya ving'ora, gari la wagonjwa, gari la maji ya kunywa, na gari lililobeba kiti chake cha akiba endapo cha kwanza kitamchosha. Ulipofika Mzunguko wa Utukufu ulikutana na wafu uso kwa uso. Dereva wa mheshimiwa akakanyaga breki.

"Pita!" aliamuru Dereva Mkuu, ambaye, licha ya cheo chake, hakuwahi kuendesha hata toroli.

"Mheshimiwa, ni marehemu."

"Marehemu wa chama gani?"

"Sijawauliza, mheshimiwa. Lakini yule mzee mwenye mlango ananitazama."

Walikaa pale mpaka jua likainama. Keki iliyotengenezwa kwa umbo la maegesho iliyeyuka ghorofa baada ya ghorofa, na wageni waalikwa wakailamba kwenye mikono.

Serikali ikachukua hatua kali. Kwanza wafu waliandikiwa faini ya kuzunguka bila sababu, lakini karatasi ziliwapita mwilini zikaanguka kwenye lami. Yakawekwa matuta, wakayapita bila kuruka. Kikaletwa kipaza sauti kuwatangazia kwamba wamekwisha kufa na wanaombwa kuzingatia hilo. Viongozi wa dini zote wakaja kusoma na kuomba, na wafu waliinamisha vichwa kwa adabu, wakaitikia amina, wakaendelea kuzunguka. Ndipo karani mmoja akakumbuka kwamba kuna idara.

Hemedi aliitwa mbele ya Abiria Waheshimiwa. Alifika amelowa chapachapa, kwani ukumbi ule hauna mlango wa watu wa miguu na ilimbidi apitie kwenye mashine ya kuoshea magari.

"Mhandisi," alisema Waziri wa Mwendo, Mheshimiwa Chakupewa, "hawa watu wako wanataka nini?"

"Wanataka kutoka, mheshimiwa."

"Si watoke! Nani kawashika?"

"Hawana pa kutokea. Zile njia zote ni za magari. Wangekuwa na njia yao, iliyotengwa, na kivuko cha kueleweka, wangekwisha fika walikokuwa wakienda. Hawana ugomvi na mtu."

Waziri alivua miwani akaifuta. "Yaani mtu akipewa njia, anaitumia?"

"Ndivyo ilivyo, mheshimiwa."

"Ajabu," alisema Dereva Mkuu, na katibu akaiandika ajabu hiyo kama agizo.

*

Wazima walikuwa wameomba njia hiyo tangu enzi za babu zao, wakaambiwa nafasi hakuna. Kwa ajili ya wafu nafasi ilionekana siku hiyo hiyo. Magari yalinyang'anywa upande mzima wa barabara, akakabidhiwa Hemedi, akaambiwa achore anavyotaka ilimradi msafara usikwame tena.

Akachora kama mtu aliyefunguliwa kamba. Njia ya baiskeli ilikuwa pana, na ilitengwa na magari kwa ukingo wa saruji, si kwa mstari wa rangi wa kumdanganyia mtu. Kona zilibanwa ili gari lisiweze kuzikata kwa kasi. Vivuko viliinuliwa vikawa usawa wa njia ya miguu, gari ndilo lipande na kushuka, si bibi kizee. Katikati ya barabara kulikuwa na kisiwa cha kusubiria, kwa mwenye miguu mizito. Miarobaini ilipandwa kwa ajili ya kivuli, mabenchi yakawekwa, na mabomba ya maji. Wajenzi walipouliza marehemu anataka maji ya nini, waliambiwa waache siasa.

Likabaki swali la njia ziende wapi. Wizara ya Utalii ilitaka ziende hotelini. Wizara ya Fedha ilitaka ziende Wizara ya Fedha. Hemedi akasema ziende kule kule walikokuwa wakienda wenyewe siku walipogongwa, zikikosea, hawatatoka. Basi familia zikaitwa, na kila familia ilijua. Mtu akitoka nyumbani asirudi, maneno yake ya mlangoni hayasahauliki. Muuza mkaa alikuwa akimpelekea mzigo mama lishe wa stendi. Wale mabinti walikuwa wakiwahi mtihani. Mzee wa mlango alikuwa akirudi nyumbani kuupachika, na mpaka leo wajukuu zake wanalala na pazia. Hemedi alisikiliza, akachora, na mchoro ulipokamilika akauona kwa mbali: nyumba na soko, soko na shule, shule na zahanati. Ulikuwa ni mji wa watu wanaoishi, na kila mstari wake ulitolewa na aliyekufa.

Taabu ikawa kwake mwenyewe. Siku ile alitoka mapema, mkewe bado kalala, kwani ilikuwa siku yake ya mapumziko. Hakuna aliyesikia maneno ya mlangoni. Wauguzi wa zahanati wa wakati ule walikwisha kuhamishwa wote.

"Alikuwa anarudi nyumbani," alisema Hemedi. "Ametoka sokoni, anarudi kwake kupika. Kikapu hicho hapo kwenye keria."

"Mkunga hana siku ya mapumziko," alisema Bi Mgeni. "Kuna mtu kamwita. Ule mgongo naujua mimi. Ule ni mgongo wa kuitwa."

"Mama, kikapu ni cha sokoni."

"Ndani mna nini?"

Hemedi hakujua. Kutoka ghorofani hakikuonekana, na kushuka kwenda kumtazama karibu hakuwahi kuthubutu.

Akachora njia mbili. Ile ya nyumbani aliipenda. Aliipa mteremko mwepesi na miti pande zote, akaipindisha mara moja tu, akaifikisha mlangoni kwake. Ile ya zahanati aliichora kwa kumheshimu mama mkwe.

*

Siku ya ufunguzi ikafika, na matarumbeta, na Mheshimiwa Chakupewa juu ya jukwaa.

"Ndugu wananchi," alinguruma, "wa juu ya ardhi na wa chini yake! Wapo waliosema serikali hii haiwajali waendesha baiskeli. Watazameni wenyewe, hao hapo! Nani kati yao amelalamika leo? Serikali yenu sikivu iliwasikiliza kwa kipindi chote ambacho hawakusema neno, na leo imewapa njia. Ni nchi gani nyingine imewajali wafu wake kiasi hiki? Na ninyi mliobaki, msiwe na haraka, msisukumane. Zamu ya kila mmoja itafika!"

Watu wakapiga makofi, maana askari walikuwa wengi. Utepe ukakatwa.

Kwanza walitoka wale mabinti. Walifika kwenye mdomo wa njia mpya, aliyekuwa mbele akanyoosha mkono, na safari hii hakuurudisha. Wakapinda. Watu waliokuja kwa kulazimishwa walisahau kwamba wamelazimishwa. Mama mmoja aliwaita kwa majina, akawakimbilia mpaka nguvu zikamwishia. Akafuata muuza mkaa, na fundi saa, na mzee wa mlango akiyumba kwa upepo ambao wengine hawakuusikia. Kila mmoja alishika njia yake chini ya miarobaini michanga, na kila mmoja alizidi kufifia kadiri alivyosogea, mpaka ikabaki njia tupu na alama ya unyevu kwenye lami.

Asumini alibaki wa mwisho. Hemedi alikuwa ameshuka kutoka ghorofani, amesimama na Bi Mgeni kwenye ukingo, na kwa mara ya kwanza tangu msiba alimwona kwa karibu. Uso ulikuwa ule ule. Alipofika kwenye njia ya nyumbani alipunguza mwendo, akanyoosha mkono. Asumini aliitazama njia yote, miti yake, kona yake moja, mpaka kule mlangoni, kama mtu anayetazama kwake kabla ya safari. Kisha aliushusha mkono, akaendelea, akafika kwenye njia ya zahanati, akasimama juu ya pedeli na kupinda kwa nguvu, mbio, kama mtu aliyechelewa. Alipowapita, kikapu kilikuwa wazi. Ndani mlikuwa na taulo safi na kamba ya kufungia kitovu cha mtoto.

"Nilikwambia," alisema Bi Mgeni polepole. "Kuna mtu alikuwa akimsubiri." Machozi yalimtiririka, lakini uso wake ulikuwa umetulia.

Hemedi hakutulia. Iliuma, na sitaki kusema haikuuma. Alimjengea njia nzuri kuliko zote, na hakuipita.

*

Kesho yake ikatoka kanuni. Njia, visiwa na vivuko vyote ni kwa ajili ya marehemu peke yao, maana vilijengwa kwa fungu la marehemu. Kila mtumiaji awe amekufa, na kufa kwake kuonekane. Mdomoni mwa njia kukawekwa vyuma, na kwenye vyuma akawekwa Koplo Lameki, kijana wa watu, mwenye njaa na buti zinazombana.

Na sasa barabara haikuwa na wafu. Hakuna breki iliyolia. Magari yalipita kwa kasi iliyosahaulika, na wazima wakabaki wamejibanza ukingoni na vikapu vyao, macho yakitafuta koti la njano ambalo halikuja. Asubuhi walikuwa pale, adhuhuri walikuwa pale pale. Upande wa pili wa vyuma njia pana ililala tupu kivulini, mabomba yakidondosha maji.

Chausiku, binti muuza maziwa, alisimama na baiskeli yake kando ya vyuma hivyo, mkono mmoja umeshika ukingo wa saruji, akingoja. Gari lililoacha barabara likamgonga hapo hapo.

Asubuhi iliyofuata alipita kwenye njia na madebe yake ya maziwa, taratibu, peke yake. Koplo Lameki alimfungulia, akampigia saluti, kisha akaenda nyuma ya mwarobaini kutapika. Mheshimiwa Chakupewa aliwaita waandishi wa habari akatangaza kwa furaha kwamba njia imepata mtumiaji mpya, na akaitumia familia ya Chausiku pongezi.

Hemedi alipita kwenye mashine ya kuoshea magari bila kuitwa.

"Mheshimiwa, fungueni njia kwa walio hai. Nawaomba. Mnaua watu kwa njia niliyoichora mimi."

"Mhandisi, tulia. Nani kawafungia?" alisema waziri kwa upole. "Kila raia ana haki ya kuitumia njia ile. Kwa wakati wake."

*

Hemedi aliporudi nyumbani alimkuta Bi Mgeni amekaa sakafuni. Alikuwa amejaribu kwenda sokoni. Kanga ilichanika upande mmoja, na goti lilikuwa na damu. Kioo cha gari kilimpitia ubavuni akarudi kinyumenyume mpaka ukingoni, na hakuna aliyesimama. Nyumbani hakukuwa na kitu cha kupika.

"Nipe pamba," alisema.

Hemedi alileta pamba na maji ya chumvi, akapiga magoti kulisafisha goti.

"Siyo ya goti, baba."

Akaichukua, akaigawa, akajiziba pua zote mbili kama anavyozibwa maiti wa Mbelembele na wa nchi nyingine nyingi. Kisha akavuta shuka jeupe la kitanda chake, akajitanda kuanzia kichwani.

"Mama, vua hivyo! Usijichurie kifo!"

"Nani anajichuria?" Sauti ilitoka puani imebanwa, na ilimtisha Hemedi kuliko alivyotegemea. "Nimezika mume, nimezika mtoto, leo nilikuwa nizikwe mimi kwa ajili ya nyanya. Njia mwanangu aliyoipita, mimi nitaionea haya? Na wewe usisimame hapo unanitolea macho. Jizibe, ujitande na wewe. Sitakwenda peke yangu kama sina mkwe."

Wakaenda, mchana ule ule, weupe wawili, na watu ukingoni waliwapisha kwa hofu. Koplo Lameki akainua mkono.

"Marehemu, simama. Umekufa lini?"

"Siku waliyomgonga mwanangu pale," alisema Bi Mgeni. "Wakubwa zako hawakukwambia?"

Koplo akamgeukia Hemedi. "Na wewe, marehemu?"

Njiani Hemedi alikuwa ametunga maelezo, homa ya ghafla, hospitali, na kadhalika. Yakatoka mengine.

"Siku ile ile," alisema. "Adhuhuri."

Aliposikia sauti yake mwenyewe alijua hadanganyi. Miaka yote alikaa nyuma ya kioo akimtazama anayezunguka, na yeye ndiye aliyekuwa hatoki. Alilia hapo hapo mbele ya askari, pamba ikalowa. Koplo Lameki alitafuta kichwani mwake kanuni inayokataza marehemu kulia, asiione, akafungua vyuma.

Kabla jua halijazama dukani hakukuwa na pamba. Kesho yake mashuka yaliisha, watu wakaja na vitambaa vya meza, na nepi, na magauni ya harusi. Mafundi walitoa baiskeli stoo wakazitia upepo. Wanafunzi walikwenda shule wamekufa, wakarudi wamekufa, wana njaa na wanacheka. Wazee waliokuwa hawajatoka nje tangu magoti yawashinde walikaa kwenye mabenchi ya kisiwani, chini ya miarobaini, wakisalimiana kwa sauti za puani na kuulizana nani alikufa kwanza. Wanasheria wa serikali walikesha na vitabu vyao na kugundua kwamba Mbelembele haina namna ya kumshtaki marehemu. Mtoza kodi alijaribu, akajibiwa aende kwa warithi, na warithi nao walikuwa kwenye baiskeli. Mheshimiwa Chakupewa alitangaza kwamba njia imefanikiwa kupita matarajio, kisha, alipofikiri zaidi, alijifungia ofisini.

Dereva Mkuu akaamua kwenda kujionea. Msafara ulifika Mzunguko wa Utukufu adhuhuri, ving'ora vikalia, na mbele ya kivuko kilichoinuliwa dereva wake akakanyaga breki. Hemedi alikuwa pale ukingoni ameshika baiskeli, karibu kiasi cha kusikia kioo kikishuka.

Watu walikuwa wakivuka. Wengi walivaa meupe, lakini wengine pamba ziliwatoka na hawakuzirudisha, na wengine siku hiyo hawakujali kuvaa kitu. Katikati yao alipita Chausiku na madebe yake, na nyuma yake mwanamume mwenye mtoto mgongoni, na nyuma yao watu ambao Hemedi hakuwajua, wenye nyuso tulivu mno, waliopita bila kugusana na mtu. Alijaribu kuwatenga, huyu wa huku, yule wa kule. Akashindwa.

"Hao ni wafu au wazima?" aliuliza Dereva Mkuu.

Dereva alitazama muda mrefu, mikono yote miwili kwenye usukani.

"Sijui, mheshimiwa," alisema. "Itabidi niwasimamie wote."

Bi Mgeni alikuwa katikati ya kivuko, mbele kabisa ya taa za gari. Alitua kikapu chake chini, akajitanda upya shuka lililomteremka begani, akakiinua kikapu na kuendelea kuvuka, taratibu.